Gunia Chini ya Ngazi

Gunia la kwanza la maharagwe nililolinunua baada ya kuhamia Remera, mwezi wa Julai, wakati ambapo mavuno ya msimu wa pili huteremka kutoka vilimani na bei ikalegea, nililiweka chini ya ngazi ya nyumba niliyoipanga, nikalikaza mdomo kwa kamba ya katani, nikalifunika kwa mkeka, kisha nikajiona kuwa mtu mwenye tadbiri kama ile ya Nabii Yusuf, aliyewawekea watu wa Misri akiba ya miaka ya njaa. Na nilipolifungua mwezi wa Novemba, bei ilipokuwa imepanda na mimi nikitaraji kuvuna faida ya busara yangu, nilikuta vumbi jeupe, wadudu wadogo wa rangi ya kijivu wakitambaa kwa utulivu wa watu walio kwao, na punje zenye matundu ya duara kana kwamba fundi cherehani amezipitia na sindano yake moja baada ya moja.

Mama mwenye nyumba, bibi mtu mzima aliyelelewa Bujumbura na ambaye Kiswahili chake kina ladha ya ziwa la Tanganyika, aliitwa kushuhudia msiba. Akachota konzi moja, akaipuliza, akacheka bila ya kunisitiri. "Mwanangu," akasema, "wewe haukuweka chakula. Umefuga wadudu, tena umewalisha vizuri."

Sisi watu wa pwani hulelewa juu ya methali isemayo kwamba akiba haiozi, na naamini wazee walioitunga walikusudia fedha, au wema, au elimu, vitu ambavyo havina fukusi. Lakini mtoto huisikia ikisemwa mbele ya ghala la chakula, akakua akidhani ya kuwa kitu kikishafungiwa kimekwisha kuokoka. Akiba ya chakula huoza. Huoza kwa wadudu, kwa unyevu, kwa panya, kwa mafuta yake yenyewe kuchacha, na zaidi ya hayo yote huoza kwa kusahauliwa. Miaka niliyokaa hapa imenithibitishia kwamba kinacholinda ghala si kufuli bali chungu kilicho mekoni, na kwamba chakula kisichojua kupikwa leo hakitafaa siku ya dhiki, hata kiwe kingi namna gani.

Pengine msomaji anayeijua Remera kwa usiku wake, kwa taa za Kisimenti na moshi wa mishikaki ya mbuzi, ataona ajabu kwamba nimekuja kutafuta habari za maghala katika kitongoji ambacho watu wa mji mzima huja kula nje ya majumba yao. Walakini Remera ya barabarani ni moja, na Remera ya nyuma ya kuta ni nyingine. Iko mashariki ya Kigali, katika wilaya ya Gasabo, baina ya uwanja mkubwa wa mpira wa Amahoro na njia iendayo uwanja wa ndege wa Kanombe. Ina kituo cha mabasi ambacho hakilali mapema. Na nyuma ya maduka, katika vichochoro vinavyoteremka bondeni, wanakaa makarani, walimu, madereva na wajane wenye wapangaji, watu wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi na ambao kwao tofauti ya bei ya maharagwe baina ya Julai na Novemba ni ada ya shule ya mtoto.

Ghala la mama mwenye nyumba si chumba. Ni kabati la mbao lililosimamishwa baina ya jiko na ukumbi, halizidi upana wa mlango, na miguu yake minne imeinuliwa juu ya matofali ili hewa ipite chini na panya aonekane. Ndani yake mna maharagwe katika madumu ya maji yaliyokaushwa juani, unga wa muhogo katika ndoo yenye kifuniko, unga wa mahindi ambao hapa huitwa kawunga, mchele, karanga, dagaa wakavu katika gudulia la kioo, unga wa uji, mafuta ya mawese na ya alizeti, nyanya za kopo, maziwa ya boksi, chumvi, sukari, majani ya chai, na ile chupa ndogo ya pilipili iitwayo Akabanga, itengenezwayo na kiwanda cha Sina Gérard huko Nyirangarama, ambayo hutonwa tone kwa tone na ambayo mgeni akiimimina kama mchuzi hukumbuka siku hiyo maisha yake yote. Nilichunguza kwa makini, na hapakuwa na kitu hata kimoja kilichokuwa hakijapikwa juma lile. Hiyo ndiyo siri yote ya kabati, na ingawa yaonekana nyepesi, ilinichukua mwaka kuifahamu.

Jambo jingine lililonifurahisha, nalo ni la pembeni tu, ni kwamba karibu kila kitu kilichomo naweza kukitaja bila ya mkalimani. Kiswahili kimefanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na ofisini bado kinabisha hodi. Lakini jikoni kilikwisha ingia zamani kikavua viatu, kwani Mnyarwanda husema isukari, icyayi, umuceri, isahani, isafuriya, na hata ikiyiko, naye hajui kwamba anakula kwa kijiko cha kuazima.

Wanyarwanda si wageni wa mambo ya akiba. Katika boma la mkulima kulikuwa na ikigega, ghala la fito lililosukwa duara kama kapu kubwa, likainuliwa kutoka ardhini na kuezekwa nyasi, humo mkawekwa mtama, ulezi na maharagwe. Na jina hilo limekuwa na heshima kiasi kwamba mfuko wa taifa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa michango ya wananchi uliitwa Ikigega Agaciro. Kabla ya raia kuonja mavuno mapya kulifanywa sherehe ya Umuganura, ambapo mfalme alitangulia kuonja mtama na ulezi. Wabelgiji waliizima mwaka 1925, walipompeleka uhamishoni Gashamura, mkuu wa wenye siri za ibada ya kifalme, na imehuishwa katika zama zetu, ikawa siku ya mapumziko kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Na njaa nazo zina majina yake, kama vile watu wazima wanavyokuwa na majina: ile ya mwaka 1928 hadi 1929 yaitwa Rwakayihura, na ile ya mwaka 1943 hadi 1944, iliyoua watu kwa maelfu, yaitwa Ruzagayura. Baina ya njaa hizo mbili serikali ya Kibelgiji iliwalazimisha wakulima kupanda mihogo na viazi vitamu, kwa hoja kwamba mazao hayo huvumilia ukame. Na hoja yenyewe ilikuwa na ukweli, maana muhogo waweza kuachwa udongoni mwaka mzima na zaidi, ukachimbwa kwa kadiri ya haja, hata ikawa ardhi yenyewe ndiyo ghala.

Lakini mpangaji wa Remera hana udongo wa kuachia muhogo, wala uwanja wa kusimamisha ikigega. Ana kabati, na chini ya ngazi.

Kwamba kabati hilo si pambo, watu wa Kigali walilijua waziwazi mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 14 Machi. Tarehe 21 ikatoka amri ya kila mtu kubaki nyumbani kwake, isipokuwa kwa shida ya lazima. Na amri hiyo haikulegezwa mpaka tarehe 4 Mei, nayo ni zaidi ya majuma sita. Serikali iligawa chakula nyumba kwa nyumba kwa wale waliokuwa wakila kwa kazi ya siku, ambao riziki yao ilikatika ghafula. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, mji ukafungwa tena. Nilimwuliza mama mwenye nyumba walikula nini katika siku zile, naye hakunieleza habari za uhaba, bali za uchovu. Katika nyumba ya jirani yake, alisema, magunia yalikuwepo, na hakuna aliyelala na njaa. Ila mpishi alijua namna moja tu ya kupika maharagwe, na kufika juma la tatu watoto walikuwa wakiitazama sahani kama mtu atazamavyo barua ya mahakama.

Basi na tuanze na maharagwe yenyewe, kwa kuwa ndiyo nguzo ya nyumba ya Rwanda. Nchi hii ni miongoni mwa zile zinazokula maharagwe mengi zaidi duniani kwa kila kichwa cha mtu. Huvunwa mara mbili: mavuno ya kwanza hufika sokoni baina ya Desemba na Februari, na ya pili baina ya Juni na Julai. Mwenye akili hununua katika nyakati hizo mbili. Hesabu yake ni rahisi, na ajabu ni kwamba wengi hatuifanyi. Nyumba ya watu saba walao maharagwe kila siku hutumia kama robo tatu ya kilo ya maharagwe makavu, kwani yakiiva huongezeka zaidi ya maradufu. Gunia la kilo 50 basi litakwenda siku sitini na sita, na ili kufika kutoka msimu hadi msimu, yaani miezi mitano, zahitajiwa kilo mia moja na kumi na mbili hivi. Anayenunua kilo mia tatu kwa sababu bei ni nzuri hanunui chakula; ananunua matatizo ya mwakani.

Wale wadudu wangu, nilikuja kuambiwa, hawakuingia chini ya ngazi. Nilikuja nao mwenyewe kutoka sokoni. Fukusi wa maharagwe hutaga mayai yake tangu shambani, juu ya maganda yaliyokauka, na kiluwiluwi hutoboa punje akaingia, akaishi humo kwa siri asionekane kwa jicho, mpaka atokapo mzima na kuacha lile tundu la duara. Kwa hiyo gunia lililo safi mwezi wa Julai laweza kuwa limebeba uharibifu wake wote ndani ya punje. Kulifunga kwa kamba hakumdhuru, maana gunia la kusukwa lapitisha hewa. Wakulima wa zamani walichanganya maharagwe na majivu, ambayo huziba nafasi baina ya punje na kumkwaruza mdudu, au waliyaanika mara kwa mara juu ya mkeka katika jua kali la mchana. Zama hizi kuna mfuko wa tabaka tatu uitwao PICS, miwili ya ndani ya plastiki nene na mmoja wa nje wa kusukwa, uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, walipokuwa wakitafuta namna ya kuwahifadhia kunde wakulima wa Kameruni. Hakuna dawa ndani yake. Ukijazwa na kufungwa kila tabaka peke yake, wadudu humaliza hewa iliyomo kwa kupumua kwao wenyewe, kisha wakafa. Na mtu asiye na mfuko huo atapata manufaa yaleyale kwa dumu lililokauka vizuri, likajazwa mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa, na kizibo kikakazwa. Mwenye friji ya kugandisha na akiba ndogo aweza kuyagandisha maharagwe siku kadhaa kabla ya kuyaweka kabatini, na mayai yote yatakufa. Sharti moja lawafunga wote: punje ziwe kavu. Punje mbichi ndani ya dumu lisilo hewa huvunda, na harufu yake haisahauliki.

Nabii Yusuf, nikumbushe, aliagiza mavuno yaachwe katika mashuke yake. Na mkulima anayening'iniza mahindi na maganda yake juu ya moshi wa jiko anaifuata hekima hiyohiyo. Mimi niliisifu busara yake na nikalisahau shauri lake.

Sasa twende mekoni, ambako mtu wa pwani akifika Kigali hupata fadhaa ya kwanza. Maharagwe yaliyoiva Tanga kwa saa moja na nusu, hapa baada ya saa mbili bado hukwaruza jino. Sababu ni kimo cha nchi: Kigali iko kiasi cha mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, na kwa kila mita mia tatu za kupanda, maji huchemka kwa joto pungufu la digrii moja hivi, basi maji yachemkayo kwa digrii 100 pwani, Remera huchemka kwa kama digrii 95, na kuzidisha moto hakuyapandishi hata chembe, bali humaliza makaa na maji. Hii ndiyo sababu sufuria ya shinikizo, ambayo pwani ni anasa, hapa ni chombo cha iktisadi. Asiye nayo ana kuloweka, tangu jioni hadi asubuhi, katika maji mengi yenye chumvi kidogo. Najua ya kuwa bibi zetu walituonya kwamba chumvi hukausha maharagwe. Nami kwa heshima yote nimejaribu na kuona kinyume chake, maana chumvi ya kulowekea hulainisha ganda. Kikaushacho ni uchachu: nyanya na ndimu zisiingie mpaka punje imeiva.

Kuna maharagwe mengine hata kuloweka hayakubali. Hayo ni yale yaliyokaa mwaka mzima na zaidi mahali penye joto na unyevu. Si kwamba yameoza, bali yamekaza nafsi, na nyama ya punje imefungamana kwa namna ambayo maji hayaipenyi. Dawa yake ni kipande kidogo cha magadi katika maji ya kulowekea, kidogo kweli, maana kikizidi chakula hunuka sabuni. Lakini afadhali yake ni kutoyafikisha huko. Na kwa yeyote afungaye chungu katika blanketi ili kiive polepole kwa joto lake kipunguze makaa, jambo ambalo ni zuri sana, nasema hivi: kwanza yachemke sawasawa kwa nusu saa kabla ya kufungwa, kwani maharagwe mekundu yana sumu ambayo mchemko huiua, na joto la vuguvugu huiacha na nguvu zake.

Baada ya kuiva, kosa kubwa la mpishi wa akiba ni kukiunga chungu chote. Mama mwenye nyumba huchemsha ya siku tatu, yakaiva kwa maji na chumvi basi, kisha akayagawa. Sehemu ya kwanza huungwa siku ileile kwa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha rangi ya dhahabu, nyanya ya kopo kijiko kimoja, na karoti ikiwapo, ikaliwa na wali. Na wali ukiwa wa mchele wa Tanzania, ambao hapa husifiwa kwa harufu yake, mimi hujinyoosha kidogo pale kitini. Sehemu ya pili huchanganywa na mahindi yaliyokobolewa, yakawa impungure, ambayo kwetu ni pure, bara ni makande na Kenya ni githeri. Na hapa desturi ya wazee imeafikiana na wataalamu wa lishe, maana mahindi yana upungufu wa kitu kimoja cha kujengea mwili ambacho maharagwe yanacho kwa wingi, na vikikutana katika sahani moja hukamilishana. Sehemu ya tatu hupondwa kwa mwiko pamoja na karanga zilizosagwa, ikawa uji mzito wa kitoweo, ukaliwa na ugali wa muhogo. Hizo ni ladha tatu kutoka moto mmoja. Asiye na friji ni lazima ayachemshe yaliyobaki asubuhi na jioni, na yasivuke siku ya pili.

Karanga zinastahili neno lake, kwa sababu ndizo zinazolifanya kabati la maskini liwe na harufu ya karamu. Isombe, ambayo ni kisamvu chetu, hupikwa kwa majani ya muhogo yaliyotwangwa, na kutwanga huko na kuchemsha kwa muda mrefu bila ya kifuniko si kwa ajili ya ulaini tu bali kwa kuondoa sumu iliyomo katika jani. Lakini majani ni nusu tu ya jambo, na nusu nyingine yote hutoka kabatini: siagi ya karanga, mawese mekundu, na konzi ya dagaa. Hao dagaa wakavu, indagara, wengi hutoka katika maziwa ya Tanganyika na Viktoria. Na wale wabichi wa Kivu waitwao isambaza ni ndugu zao, waliohamishwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwani Kivu halikuwa na samaki wa namna hiyo. Dagaa wa akiba husafishwa mchanga, wakakaushwa tena katika kikaango kikavu mpaka wakalia kama majani makavu, ndipo wakawekwa katika chombo cha kioo. Nilijaribu mara moja kumwonjesha mama mwenye nyumba papa mkavu niliyeletewa kutoka nyumbani, nikimhadithia jinsi majahazi ya Shihiri yalivyokuwa yakija na kaskazi Mombasa na Unguja yamesheheni samaki wakavu na tende. Alisikiliza hadithi kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniomba niende kumpikia papa wangu uani, mbali na nguo zilizoanikwa.

Kuhusu mahindi na karanga kuna jambo ambalo halifai kufanyiwa mzaha. Zikiwekwa zingali na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana, isiyo na ladha, na isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Kwa hiyo punje yenye ukungu, iliyosinyaa au kubadilika rangi, itupwe, na asiwepo mtu wa kuiita israfu. Anayenunua mahindi mazima ana kipimo cha bei nafuu: atie punje kiasi katika chupa ya kioo iliyokauka, aongeze chumvi kavu, atikise dakika chache, kisha aache itulie; chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayo hayajakauka. Na kwa sababu ya mafuta yaliyo katika kiini, unga wa dona huchacha mapema kuliko wa sembe, na karanga zilizosagwa huchacha mapema kuliko nzima. Ziwekwe nzima, zisagwe za juma.

Uji nitaupitia kwa haraka, ingawa watoto wa nyumba hii hawatanisamehe. Unga wa sosoma, ambao jina lake limeunganishwa kutoka majina ya Kifaransa ya soya, mtama na mahindi, hukorogwa na maji baridi kwanza, ndipo ukatiwa katika maji ya moto, na maziwa ya boksi mwishoni. Huo ndio ufunguo wa asubuhi katika nyumba nyingi za hapa.

Hata hivyo kabati lina aibu yake, na mpishi mwaminifu huikiri: halina kijani. Maharagwe makavu hayana vitamini C, mchele mweupe hauna vitamini A, na nyumba ilayo kutoka kabatini peke yake kwa miezi itashiba huku ikipungukiwa. Ndiyo maana Rwanda imekuwa ikihimiza kila nyumba iwe na akarima k'igikoni, bustani ya jikoni, na Remera, pasipo na nafasi, hufanywa katika magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni, mchicha ukatoka kila tundu kama nywele za mtu asiyechana. Ndimu ikikamuliwa juu ya maharagwe yaliyokwisha iva husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo. Na kuna mbegu za maharagwe zenye chuma kingi, zilizoanza kutolewa kwa wakulima wa nchi hii tangu mwaka 2010, ambazo wanafunzi wa kike wa chuo kikuu huko Huye walilishwa kwa siku 128, wakapimwa damu, na chuma chao kikaonekana kimeongezeka. Sokoni Kimironko wapo wauzaji wanaozijua. Uliza.

Kwa utaratibu wa kabati, mama mwenye nyumba ana siku yake: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, watu warudipo kutoka kazi ya pamoja wakiwa na udongo viatuni na kabla maduka hayajachangamka, hukitoa kila chombo, akapangusa rafu, akanusa unga, akayaweka ya zamani mbele na mapya nyuma. Juu ya kila dumu ameandika mwezi kwa chaki. Nami sasa ninalo langu, chini ya ngazi ileile, na chaki yangu.

Mwezi uliopita ndege ya usiku kutoka Dar es Salaam iliniletea shemeji zangu wawili na mtoto mmoja, saa nne na nusu, bila ya taarifa, kwa kuwa ujumbe wao haukunifikia. Na mtu anayekaa njiani baina ya Kanombe na mjini hana budi kuzoea kubishiwa hodi na watu wenye mabegi. Maduka ya kichochoroni yalikuwa yamefungwa. Niliteleka wali, nikatoa maharagwe yaliyochemshwa mchana nikayaunga kwa kitunguu na mawese, nikakaanga dagaa kwa karanga na ndimu, nikachuma mchicha wa gunia kwa mwanga wa simu, na kabla ya saa sita kasorobo walikuwa wanakula, na shemeji mkubwa akiuliza ni nani aliyeniambia kwamba wanakuja.

Mama mwenye nyumba, aliyeamshwa na sauti, alisimama mlangoni na khanga yake mabegani, akawaamkia wageni mmoja mmoja, akaonja kijiko cha maharagwe, asiseme zuri wala baya. Kisha akaitazama sufuria iliyokuwa ikikwanguliwa na mtoto.

"Umeloweka ya kesho?" akaniuliza.

Nilikuwa sijaloweka. Nikaenda kuchukua dumu.